Barafu ya Mwaloni na nta ya kwenye dari

Maneno niliyosema mbele ya mafundi ujenzi na wenye nyumba, Kirumba, Mwanza, Jumamosi asubuhi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwangaluka! Naona wazee wameitikia kuliko vijana. Shikamoni wazee wangu. Wadogo zangu mafundi, habari za saiti? Na mama zangu mliofunga meza zenu pale soko la samaki la Mwaloni mje kunisikiliza, wabeja sana. Najua saa tatu ya Jumamosi pale sokoni ina thamani gani.

Kabla sijaanza, hapa mezani nimeweka chupa mbili. Zote za lita moja na nusu, zote zina maji ya bomba. Hii ya kulia imelala usiku kucha kwenye friza ya mama mmoja jirani, imekuwa jiwe. Hii ya kushoto imetoka kwenye friji ya kawaida, ni maji baridi ya digrii tano. Nawaomba asizishike mtu. Tutazirudia.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nyumba si kazi yangu, lakini siku hizi napigiwa simu za nyumba kuliko za friji. Mzee anajenga Buhongwa au Kiseke, amefika lenta, mtoto wake aliye nje anamrushia picha: baba, huku kuna bodi za dari zenye nta ndani. Mchana nta inayeyuka na kunyonya joto, usiku inaganda na kulitoa. Nyumba inakaa baridi, bili ya umeme inashuka. Mzee ananiuliza, fundi, niagize?

Kitu chenyewe kipo na kinafanya kazi, msidhani ni utapeli. Sayansi yake mnaijua tangu utotoni. Nani hapa anapaka mafuta ya nazi? Mwezi wa saba, alfajiri, unafungua kichupa unakuta yameganda, meupe kama mafuta ya kondoo, mpaka uyachokonoe kwa kijiti. Rudi saa saba mchana, yamekuwa maji. Mafuta yale huyeyuka kwenye digrii 24 hivi, na Mwanza yetu kwa msimu ule huvuka hapo kila siku, asubuhi chini, mchana juu. Katika kuyeyuka yamekula joto la chumba chako, na jioni yakianza kuganda yanalirudisha. Hiyo ndiyo bodi ya nta, imefungwa kwenye kichupa cha mafuta ya nywele.

Utamu wake uko hapa. Tia barafu kwenye sufuria, weka jikoni, chomeka kipimajoto, uwe unakoroga. Mkaa unateketea, kipimajoto kimegoma palepale sifuri mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Joto limekwenda wapi? Limetumika kuivunja barafu iwe maji, na hakuna lililobaki la kupandisha digrii. Joseph Black, mtu wa Scotland, ndiye aliyelifafanua jambo hili miaka ya 1760, likaitwa joto fiche. Kilo moja ya barafu hula kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu. Ukiyapa maji yake joto jingine kama hilo, yanatoka sifuri hadi digrii 80. Mtu unaweza kuyachemshia chai, karibu.

Na ninyi mafundi wa AC mliojificha kule nyuma. Mnasema kila siku, hii mashine ni tani moja, BTU 12,000 za joto kwa saa. Tani ya nini? Uzito wake? Mbona mnaibeba wawili? Ni tani ya barafu, jamani. Zamani baridi ilinunuliwa kwa mabonge ya barafu, na mashine zilipokuja zikapimwa kwa kipimo walichokijua wanunuzi. Mashine ya tani moja ni ile inayoondoa kwa saa 24 joto la kuyeyusha tani moja ya barafu, ile tani ya Kimarekani ya kilo 907. Kwa hiyo hata AC yenyewe jina lake la ukoo ni barafu.

Watu walijaribu kuliweka joto fiche ndani ya nyumba zamani kidogo. Mwaka 1948, huko Dover, Massachusetts, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, Maria Telkes, na msanifu majengo Eleanor Raymond walijenga nyumba ya kupashwa joto na jua peke yake, kwa fedha za mama mmoja tajiri aitwaye Amelia Peabody. Jua lilipasha hewa, feni zikaisukuma hewa kwenye mapipa ya chumvi ya Glauber, chumvi inayoyeyuka kwenye digrii 32. Usiku chumvi ikaganda, ikarudisha joto. Wanawake watatu, baridi kali, theluji nje, na nyumba ikakalika. Lakini baada ya majira machache ya baridi chumvi ilianza kujitenga, nzito ikatuama chini, maji yakabaki juu, kama uji ulioachwa bila mwiko. Ikawa haigandi tena sawasawa. Watengenezaji wa leo wana dawa za kuizuia isitengane, lakini bado ni swali la kwanza ninalomuuliza muuzaji: umeiyeyusha na kuigandisha mara ngapi kabla hujaniletea? Na muone pia kwamba shida ya Dover ilikuwa baridi. Yetu siyo hiyo.

Sasa toeni simu, fungueni kikokotozi. Hapa ndipo mzee wa Buhongwa anapopata jibu lake.

Nta nzuri ya nyumba hubeba kilojuli 200 hivi kwa kilo. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Gawanyeni. Kilo 18 za nta kwa uniti moja ya joto. Haya, kiyoyozi cha wastani kwa uniti moja ya umeme hutoa nje uniti tatu hivi za joto. Kwa hiyo kilo 18 zikiyeyuka zote na kuganda zote, siku hiyo zimekuokolea theluthi ya uniti ya LUKU. Sisi wa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, elfu kumi inatupa uniti 28, ndiyo kusema uniti ni 357. Theluthi yake, 119. Zidisheni kwa siku 365: elfu 43 na chenji kwa mwaka.

Tuseme nta hiyo, ikiwa imefungwa vizuri na imefika Mwanza, umeuziwa kilo shilingi 10,000. Namba hiyo nimeiokota kwa urahisi wa hesabu, wewe weka ya muuzaji wako. Kilo 18 ni 180,000. Inarudisha pesa yake kwa miaka minne na kitu. Nawaona mnatikisa vichwa, mbona si mbaya!

Subirini. Hesabu hiyo imebeba mambo mawili mgongoni bila kuwaambia. Kwanza, kwamba una kiyoyozi na kinafanya kazi kila siku. Nani hapa ana kiyoyozi chumbani? ... Mikono miwili, na mmoja ni wa fundi AC. Wengine wote mna pangaboi. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa kumi limekula uniti 0.6, shilingi 214. Na yule anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, anayelipa 122 kwa uniti, pangaboi lake ni shilingi 73. Huyo nta itamwokolea nini? Itampa ubaridi kidogo mchana, sikatai, na ubaridi una thamani yake kwa mwenye presha au mtoto mchanga. Lakini asiambiwe kwamba bili itashuka. Bili ya kushuka hana.

Kuna nchi ambako umeme wa saa za jioni ni ghali na wa usiku wa manane ni rahisi. Huko mtu anagandisha usiku, anapoa mchana, anatengeneza pesa kwa kuhamisha saa tu. LUKU yetu ya nyumbani haijui saa. Uniti ya saa nane usiku na ya saa moja jioni ni ndugu mapacha.

Jambo la pili lililojificha kwenye hesabu: kwamba nta imeganda kila usiku. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu nililijaribu mwenyewe.

Mke wangu yupo pale, anacheka tayari. Niliagiza mafuta ya nazi lita ishirini kutoka pwani, nikayatia kwenye chupa za soda, nikazipanga juu ya dari ya chumba cha watoto, kule nyumbani Nyegezi. Mafuta ya nazi yanabeba kama nusu ya nta ya dukani, lakini nilitaka kuona. Mwezi wa saba mambo yakaenda vizuri: asubuhi chupa nyeupe, mchana chupa ya maji, na chumba kilichelewa kupata joto. Nikajiona mvumbuzi. Ikaja Oktoba. Chupa zikayeyuka, zikabaki zimeyeyuka. Novemba zimeyeyuka. Januari zimeyeyuka. Nilikuwa nimepandisha mafuta ya kupikia darini yakalale, na sisimizi wakapata habari. Mama watoto akaniuliza, baba, wali wa nazi tutaupikia huko juu?

Kwa nini hayakuganda? Nje usiku ni digrii 18 au 19. Ndani je? Tumefunga dirisha, maana kuna mbu, kuna mwizi, na kuna wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi. Kuta zimeshiba jua, watu wanne wanapumua, friji inatoa joto mgongoni. Ndani ni 25, 26 mpaka alfajiri. Kitu kinachoganda kwenye 24 kitagandia wapi? Ndiyo maana bodi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, za kuyeyuka kwenye digrii 21 au 23, hapa ni mafuta ya kulala. Kwetu ungehitaji ya 27 au 28. Ipo nta inaitwa oktadekani, inayeyuka kwenye 28 barabara. Ipo na chumvi ya kalsiamu yenye maji ndani, inayoyeyuka karibu na 30. Lakini hata hizo zinataka upepo wa usiku uzifikie. Wavuvi hapa wanajua: mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Nyumba yenye matundu ya hewa juu, yenye nyavu na nondo, inaupata huo upepo bure. Ukishaupata, nta unaihitaji kidogo kuliko ulivyodhani.

Kingine ambacho muuzaji hatakuambia, na simlaumu, maana vitabu vyake vimeandikiwa nyumba za mbao. Nyumba nyingi za Marekani ni mifupa ya mbao na bodi nyembamba. Nyepesi. Hazina mahali pa kuweka joto, ndiyo maana kilo mia mbili za nta zinaonekana. Nyumba yako wewe ni ya bloku. Tani 40 za kuta hazikosekani hata kwa nyumba ya vyumba vitatu. Kuta hizo zikipanda digrii moja, moja tu, zimebeba kama uniti 10 za joto. Ni sawa na kilo 180 za nta! Na umeshazilipia. Jiwe kwa kilo halifui dafu mbele ya nta, lakini sisi wa Mwanza mawe tunayo mpaka tunajenga kwa kuyakwepa.

Halafu geuzeni macho juu. Sisi tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita liko utosini, halipigi ukuta, linapiga paa. Kuna mtaa wetu unaitwa Mabatini, jina linajieleza. Bati la mita kumi kwa kumi na mbili ni mita za mraba 120. Jua kali la adhuhuri linamwaga karibu kilowati moja kwa kila mita ya mraba. Hizo ni kilowati 120 juu ya kichwa chako. Acha nyingi zirudi angani na kupeperuka na upepo, acha sehemu moja tu ya kumi ipenye. Kwa saa moja ni uniti 12 za joto. Mkitaka nta izimeze, ni kilo 216. Kwa saa moja. Saa saba mchana unahitaji nyingine 216. Mwambie fundi wa kenchi akupigie hesabu ya huo uzito.

(Hapa fundi mmoja kijana alinyoosha mkono: "Mzee, kwa hiyo unatuambia tusinunue?")

Mdogo wangu, nakuambia foleni. Pesa ina foleni yake. Wa kwanza ni bati lenye rangi nyeupe, au rangi ya mwanga kabisa. Najua mabati mekundu ya msauzi yanapendeza kwa picha, na mke wa mtu akishachagua rangi fundi huna kauli. Lakini jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto lako. Wa pili, dari, hata ya jipsamu ya kawaida, na juu yake hewa ipite, matundu huku na huku chini ya fasia. Mwenye uwezo aweke na kizuia joto juu ya dari. Watu wa Magu na Misungwi mnaochoma pumba za mpunga kando ya mashine, mnachoma kizuia joto kizuri; shida yake ni panya na moto, kwa hiyo msizimwage tu juu ya nyaya na kusema mzee ndiye kasema. Wa tatu, upenu mrefu na mwembe upande wa magharibi. Ukimaliza hao wote na bado una pesa, na una kiyoyozi, na usiku hewa inapita, hapo nta njoo tuongee. Na uulize kama inawaka. Nta ya parafini ni nta ya mshumaa tu, na umeiweka karibu na waya.

Nani anaweza kuruka foleni? Mwenye chumba chepesi. Duka la dawa ndani ya kontena, ofisi ya mabati, kibanda cha kuuza simu. Hakina ukuta wa kubeba joto, usiku kinapoa haraka, na dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya digrii 30 au 25. Pale bidhaa zenyewe ndizo bili. Huyo akinipigia nitakwenda na kipimajoto, tuache siku saba kinaandika, ndipo tuchague nta ya digrii ngapi. Bila hizo siku saba ni kubahatisha.

Sasa mama zangu wa Mwaloni, msidhani nimewasahau. Ninyi ndio wataalamu. Barafu ni kitu kilekile, kinachoyeyuka na kuganda, na kwenu kinalipa kila siku ya Mungu. Muuguzi anayevuka na chanjo kwenda visiwani, kwenye kile kisanduku chake kuna pakiti za barafu. Naye analipwa, maana chanjo iliyoharibika haina marejesho.

Niwape hesabu yenu. Sangara ametolewa kwenye maji ya digrii 25, amekaa kwenye mtumbwi, tuseme amefika 28. Kumshusha hadi sifuri, kwa kila kilo ya samaki unahitaji barafu gramu 300 tu hivi. Lakini ninyi mnaweka kilo kwa kilo, na wakati mwingine haitoshi. Hizo gramu 700 zinakwenda wapi? Hazimpozi samaki. Zinapigana na joto linaloingia kwenye sanduku: mfuniko uliopinda, mbao zilizoachana, tenga lililofunikwa gunia, jua la kwenye gari kutoka mwaloni mpaka kiwandani. Kila asubuhi mnanunua barafu kwa ajili ya nyufa. Sanduku lenye kuta za povu la sentimita tano, mfuniko unaokaa, limepakwa jeupe, linarudisha pesa yake mapema kuliko bodi yoyote ya nta mtakayoonyeshwa, kwa sababu akiba yake mnaihesabu kila siku kwa bonge. Mzee wa Buhongwa, hilo sanduku ni nyumba yako. Ulikuwa unataka kununua barafu ya kuweka kwenye sanduku lisilo na mfuniko.

Na nyumbani, mwenye friza isiyojaa, jaza chupa za maji nafasi iliyobaki. Gharama yake ni umeme wa kuzigandisha mara moja. Hazitakupunguzia LUKU, nisije nikadanganya. Lakini umeme ukikatika saa sita, zinashika baridi mpaka jioni, na nyama ya kilo tano haikuharibikii.

Haya, saa ngapi? Saa nne kasorobo. Mama wa friza, njoo mbele tafadhali, uje na kipimajoto hicho. Anza na ya kushoto, ile iliyokuwa tano... Kumi na mbili, mnasikia? Imepanda digrii saba tukiwa tunaongea. Sasa fungua ya kulia, maji yaliyoyeyuka ni kama vidole viwili juu... Sifuri. Sifuri na kidogo. Bonge bado zima chini.

Hiyo mama nenda nayo, umeikodisha bila malipo. Hii ya digrii kumi na mbili nakunywa mwenyewe, koo limekauka. Nani ana swali la pili?